Mara Mbili, Bila Haraka

Barua ya Mjerumani ilifika Jumanne, katikati ya Kwaresima, na Profesa Vendt hakumpa mhudumu ailete. Alishuka nayo mwenyewe mpaka maabara ya chini, akaiweka mezani katikati ya chupa, akavua miwani yake na kuanza kuifuta ingawa haikuwa na uchafu.

"Isome, Yevlampia Trofimovna. Ukimaliza, kaa chini. Au kaa kwanza ndiyo uisome."

Yevlampia aliisoma amesimama. Mwandishi alikuwa mtu mwenye adabu. Alianza kwa kutoa pole kwa msiba wa Profesa Stogov, akasifu kazi zake za zamani, kisha akasema amefuata makala ya mwisho ya marehemu hatua kwa hatua, mara nne, na mara zote nne amepata lami. Hakupata fuwele hata moja. Kwa hiyo alilazimika kuuliza, kwa heshima zote, kama kuna mtu yeyote Petersburg, mbali na marehemu, aliyewahi kuziona fuwele hizo kwa macho yake.

"Mimi nimeziona, Osip Karlovich," Yevlampia alimwambia Vendt.

"Najua umeziona. Ziko wapi?"

Hazikuwepo. Kitu kipya lazima kichomwe ndipo kijulikane kimetengenezwa na nini, na punje zote alizozipata Profesa Stogov kiangazi kilichopita zilikwisha kwenye vipimo. Ilibaki makala tu, na makala yenyewe ilichapwa yeye akiwa tayari kaburini.

Vendt alirudisha miwani puani. "Alhamisi ya wiki ijayo chama cha wanakemia kinakutana. Nikiwa na fuwele mkononi, nitamjibu huyu bwana vizuri. Nisipokuwa nazo, makala itaondolewa, na itaandikwa kwamba imeondolewa. Mimi sitaki. Nimekaa naye jengo moja miaka kumi na minane. Lakini unajua wanasema nini huko juu? Wanasema Stogov alikuwa mtunzi. Basi ametunga."

Yevlampia aliinama mezani. Alikuwa anaitazama namba moja kwenye barua, namba ambayo Mjerumani ameirudia mara nne: dakika ishirini na mbili.

Venedikt Ilyich Stogov alikuwa mwanakemia siku sita za wiki na mtunzi wa muziki siku ya saba, na hata hiyo ya saba aliipata vipande vipande. Wanamuziki walilalamika kwamba chupa zimewaibia mtunzi. Wanakemia walilalamika kwamba fidla zimewaibia profesa. Yeye aliwaambia wote wana haki, akawakaribisha chai. Alikufa mwishoni mwa Septemba kwenye ngazi za chuo, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, koti limefungwa kifungo kimoja. Waliomwinua walimkuta na karatasi mbili mfukoni, moja ya vipimo na moja ya noti, na zote mbili hazijamalizika.

Yevlampia alikuwa na miaka thelathini na sita, binti wa karani wa kanisa kule Vyatka. Alikuja mjini kusoma kozi za udaktari za wanawake, na Venedikt Ilyich ndiye aliyekubali kuwafundisha kemia wakati wengine walisema wanawake wataunguza magauni. Kozi zilipofungwa, hakumwambia aondoke, naye hakuondoka. Kwa miaka sita alisimama upande wa kushoto wa meza ile. Sasa alisimama upande uleule wa kushoto, kulia kukiwa wazi, na hakuna aliyemwambia asogee.

Dakika ishirini na mbili haikuwa namba ya Venedikt Ilyich. Ilikuwa yake.

Maabara ya chini haikuwa na saa. Mvuke wa asidi ulikula saa ya ukutani, ukala na ile iliyoletwa badala yake, na saa ya mfukoni ya Profesa ilipogeuka kijani mkewe alimkataza kushuka nayo. Tangu hapo Venedikt Ilyich alipima muda kwa kuimba. Hakuimba maneno, alinguruma puani, na nyimbo zilikuwa zake mwenyewe, kwa sababu hizo hakuna mtu angeweza kumwambia amekosea. Katika daftari lake la kazi kuliandikwa mambo ambayo mgeni angedhani ni utani: "Chemsha wimbo mmoja." "Acha mpaka ubeti wa pili." Na pale kwenye fuwele zile, pale penye hatua ya mwisho, aliandika: "Sehemu ya tatu, mara mbili, bila haraka."

Sehemu ya tatu ilikuwa ya muziki wake wa fidla nne. Na maneno "Bila haraka" yalikuwa yameandikwa kwa mkono wake hata juu ya noti zenyewe.

Hatua hiyo aliifanya peke yake daima. Aliona haya kwa sauti yake, akawafukuza wote nje, isipokuwa Nikandr Savvich, mhudumu aliyeosha chupa nyuma ya kabati. Nikandr alipoteza sikio la kulia vitani, karibu na mzinga, na Profesa alihesabu kwamba kiziwi nusu ni nusu ya msikilizaji, na nusu hiyo anaweza kuivumilia.

Makala ilikuwa tayari yote wakati anakufa, isipokuwa mstari huo. Huwezi kuwachapia wanakemia wa dunia "mara mbili, bila haraka." Kwa hiyo siku ya arobaini Yevlampia alimwomba mjane, Kapitolina Markovna, ampigie ile sehemu ya tatu kwenye piano, akashika saa kiganjani chini ya meza. Ilichukua dakika kumi na moja. Mara mbili, ishirini na mbili. Akaandika, akapeleka.

"Osip Karlovich," alisema sasa, "imebaki mirija miwili. Venedikt Ilyich aliiziba mwenyewe kabla ya kufa."

"Miwili tu?"

"Mafuta yake yanachukua kiangazi kizima kuyasafisha."

Vendt aliichukua barua yake. "Basi usipige chafya karibu nayo," akasema, akapanda ngazi.

Mirija yenyewe ilikuwa ya kioo kinene, imezibwa kwa moto pande zote mbili, na ndani yake mafuta yaliyotoka kwenye mzizi wa valeriani, mmea wa dawa unaopendwa na paka, meupe kama maji. Mrija ukishazibwa huwezi kuuonja onja. Unautia kwenye maji yanayochemka, unautoa wakati wake ukifika, na unajua ulichopata siku utakapouvunja shingo. Ukiutoa mapema, umebaki na mafuta. Ukichelewa, yameungua.

Yevlampia aliutumia wa kwanza Jumatano. Alitaka kuwa na hakika. Huenda mafuta ya Mjerumani hayakuwa safi. Aliazima saa kwa bawabu, akaufunga mrija kwa kitambaa usije ukapasuka usoni, akaacha dakika ishirini na mbili kamili. Alhamisi aliuvunja shingo. Harufu ya valeriani ilijaa chumbani, na paka wawili wa uani wakatokea dirishani wakalia kama watoto wachanga. Ndani ya mrija kulikuwa na kitu cheusi kilichokataa kumiminika.

Nikandr alikuja akifuta mikono, akainama kutazama kwa jicho lililo upande wa sikio zima, kana kwamba yanafanya kazi pamoja.

"Hii hata ya viatu haifai," alisema. Kisha akawageukia paka. "Na nyie! Amekufa aliyekuwa anawachekea! Tokeni!"

"Nikandr Savvich, wewe ulimsikia akiimba hapa?"

"Nilisikia upande mmoja."

"Aliimba kwa muda gani?"

"Mpaka alipomaliza," Nikandr alisema, na hakuwa anafanya mzaha. "Mimi naosha, mama yangu. Sihesabu."

Jumapili ilikuwa nusu mwaka tangu msiba. Kapitolina Markovna alikaa ghorofa ya tatu ya jengo lilelile, na baada ya misa watu walipanda kwake. Kulikuwa na ngano ya asali kwa ajili ya marehemu, mikate ya uyoga iliyokaangwa kwa mafuta ya alizeti, na uji mzito wa matunda. Nikandr alivaa koti lake la zamani la jeshi, akazungusha chai. Marafiki wanne wa marehemu walifungua fidla zao. Hakuna aliyekuwa mwanamuziki wa kulipwa: mmoja afisa wa posta, mmoja daktari wa meno, ndugu wawili wenye duka la mishumaa. Walipiga sehemu ya tatu.

Yevlampia alikaa karibu na mlango, na saa ya bawabu mkononi. Kapitolina Markovna alifumba macho kwenye kiti chake. Afisa wa posta, aliyeongoza, kila alipofika kwenye noti ndefu aliishikilia kama mtu asiyetaka kuaga, na wenzake wakamngoja. Dada mmoja wa kanisa alianza kulia. Baadaye wakalia wengine. Saa ilifika dakika kumi na moja na nusu kabla ya fidla kubwa kunyamaza.

Katika ukimya ule Nikandr, aliyesimama na sinia, alisema kwa sauti ambayo yeye mwenyewe aliidhani ni mnong'ono:

"Hii siyo bila haraka. Hii ni jeneza linashushwa."

Vichwa vyote viligeuka. Afisa wa posta aliteremsha fidla. "Umesemaje, mzee?"

"Nasema mmepiga vizuri, mheshimiwa. Ila marehemu bwana wangu angekuwa ameshaunguza kila kitu."

"Nikandr Savvich," Kapitolina Markovna alisema bila kufumbua macho, "rudi jikoni."

"Narudi, Bibi. Nakwenda."

Yevlampia alimfuata. Jikoni Nikandr alikuwa ameketi juu ya kisanduku cha kuni, masikio mekundu, anatafuna mkate wa uyoga kwa hasira.

"Nimefukuzwa kwenye nusu mwaka ya bwana wangu," alisema. "Haya. Nimefika umri huu bila kufukuzwa matangani. Sasa nimekamilika."

"Umesema siyo bila haraka."

"Wewe umesikia ni bila haraka ile?"

"Nimesikia ni polepole. Bila haraka ndiyo polepole."

Nikandr aliacha kutafuna. Alimtazama kama anavyomtazama mwanafunzi mpya aliyeshika chupa kwa shingo.

"Trofimovna. Miaka sita umebeba asidi kutoka stoo hadi mezani. Alikuwa anakupigia kelele gani?"

Yevlampia aliweka saa ya bawabu mezani.

Kila mtu aliyewahi kufanya kazi maabara ya chini aliijua kelele ile. Chupa ya asidi ya salfa, ile kali inayofuka moshi, ilitoka stoo ikiwa wazi, imejaa, na ilipita ukumbi mrefu mpaka mezani. Anayekimbia anamwaga. Lakini anayejivuta ni mbaya zaidi: mikono inachoka, inaanza kutetemeka, na moshi unamfikia puani kabla hajafika. Kuna mwendo mmoja tu wa kubeba asidi, wa haraka kiasi, magoti laini, macho mbele, na mwanafunzi akiukosa, Venedikt Ilyich alitoa kichwa mlangoni na kuita: "Bila haraka, mpenzi wangu, bila haraka!" Na mwanafunzi aliyekuwa anajikokota aliongeza hatua. Hakuna aliyewahi kuona ajabu. Miguu yao ilijua maana yake.

"Mungu wangu," Yevlampia alisema. "Nimeandika dakika za piano."

"Za kilio," Nikandr alisema. "Tangu afe, wote wanaupiga hivyo. Wanaogopa kuumaliza."

Mlango wa jikoni ulifunguka, Kapitolina Markovna akaingia na shali lake jeusi. Alikuwa mwanamke mrefu, na jikoni ile ilimfanya aonekane mrefu zaidi.

"Nilidhani umekuja kumgombeza," alimwambia Yevlampia. "Kumbe mnacheka?"

"Hatucheki, Kapitolina Markovna." Akamweleza yote pale pale, barua, lami, Alhamisi, na ile saa aliyoishika chini ya meza siku ya arobaini. Hakuacha kitu. Mjane alisikiliza mkono ukiwa kwenye kitasa.

"Unataka kuniambia," alisema taratibu, "kwamba mume wangu anaitwa mwongo kwa sababu mimi nilipiga piano vibaya."

"Kwa sababu mimi niliandika. Sikuuliza mtu mwingine. Nilisikia inavyolia, nikaona ndivyo inavyotakiwa iwe."

Kapitolina Markovna aliachia kitasa. Chumba cha pili watu walikuwa wanasogeza viti.

"Yeye aliupiga amesimama," alisema mwishowe. "Kofia kichwani, anangojwa chini. Nilimgombeza. Nilimwambia, huo ni wimbo au ni mtu anawahi treni? Akasema, 'Kapa, nikistaafu nitakupigia polepole.'" Alimgeukia Nikandr. "Na wewe, ulinitia aibu mbele ya watu."

"Kweli kabisa, Bibi."

"Wapelekee uji, wanangoja." Nikandr alipotoka, alifungua droo ya meza, akatoa saa ya mfukoni, kifuniko chake kimeliwa kwa rangi ya kijani pembeni. "Hii inakwenda sawasawa. Ya bawabu huwa inachelewa. Sijui ni wapi ulipojifunza kuamini saa ya bawabu."

Jumatatu asubuhi, mwanga wa dirisha ulipokuwa wa kutosha, Yevlampia alijaza chupa maji stoo na kusimama mwanzo wa ukumbi. Nikandr alikaa juu ya kiti mlangoni mwa maabara na saa mkononi. Mpango ulikuwa rahisi. Yevlampia aliujua wimbo. Atauimba puani huku anatembea kwenda na kurudi kwa mwendo wa asidi, na miguu itashika muda.

Alianza vizuri. Lakini wimbo ulipofika pale fidla ya kwanza inapopanda, alimwona Venedikt Ilyich akitoa kichwa mlangoni, ndevu zake zina madoa ya manjano ya asidi, na hatua zake zikaanza kulegea zenyewe. Alipomaliza uso ulikuwa umelowa.

"Dakika tisa na zaidi," Nikandr alisema. "Umetembea nyuma ya jeneza, mama."

"Tujaribu tena."

Walijaribu tena. Dakika nane na nusu.

"Ukilia hutafika," Nikandr alisema. "Mimi mwenyewe jana usiku nilijaribu kuunguruma kitandani, nikamkumbuka, nikalala katikati. Hapa shida siyo wimbo. Shida ni hayo maji. Maji hayaogopwi."

Yevlampia alitazama chupa. Kisha akarudi stoo, akamwaga maji, akaikausha vizuri kwa kitambaa, kwa sababu asidi na maji havipatani, na akaijaza ile yenyewe, inayofuka, mpaka shingoni. Alivaa aproni ya ngozi. Nikandr alifungua madirisha yote mawili ya ukumbi, akasogeza ndoo ya magadi ya kuzima asidi karibu na ukuta, akafanya ishara ya msalaba.

"Haya," alisema. "Bila haraka."

Yevlampia alitembea. Kuanzia hatua ya tatu hakukuwa na marehemu, wala makala, wala Mjerumani. Kulikuwa na chupa, na ukingo wa asidi ukicheza kidogo chini ya shingo ya kioo, na magoti yake. Wimbo ulitoka puani wenyewe. Ulikuwa mwepesi kuliko alivyowahi kuusikia. Pale ambapo watu walilia Jumapili, palikuwa na kitu kama mtu anayesimulia jambo la kuchekesha huku mikono yake ina kazi. Aligeuka mwisho wa ukumbi, akarudi, akageuka tena. Alipofika kwenye noti ya mwisho aliiweka chupa juu ya jiwe la meza na kuachia pumzi.

"Sita na nusu," Nikandr alisema.

Alirudia mara mbili. Sita na nusu, na sita na nusu kasoro kidogo, na hapo kwenye kasoro alikiri kwamba moshi ulimkera akaharakisha. Mara mbili, kumi na tatu. Nikandr aliitazama saa kwa muda, kana kwamba imesema jambo la siri.

"Huyo ndiye," alisema. "Huyo ndiye aliyekuwa anaimba nyuma ya kabati langu."

Mrija wa mwisho uliingia kwenye maji yanayochemka saa nne asubuhi. Yevlampia hakuimba, alitazama saa tu. Dakika ya kumi mkono wake ulitaka kuutoa, na dakika ya kumi na mbili ulitaka kuuacha, akaukunja nyuma ya mgongo. Dakika ya kumi na tatu akauchomoa, akauzika ndani ya beseni la theluji aliyoichota Nikandr uani.

Jumanne aliuvunja shingo. Hakikutoka kitu cheusi. Kilitoka kimiminika chenye rangi ya chai iliyotiwa maji mengi, na ndani yake hakukuwa na kitu. Alikimimina kwenye kibakuli cha kioo. Alingoja. Alikwaruza ukuta wa bakuli kwa kijiti cha kioo, kama alivyofundishwa, kidogo kidogo, mahali pamoja. Nikandr alikuja akasimama nyuma yake na chupa chafu kila mkono.

"Hamna?" aliuliza.

"Bado."

"Sasa ikiwa hamna?"

"Nyamaza, Nikandr Savvich."

Kwenye ule mkwaruzo palitokea nukta moja nyeupe. Halafu ikawa na mkia. Halafu mikia ikawa mingi, ikatambaa kwenye kioo kama barafu inavyoandika dirishani usiku wa baridi, na ndani ya muda wa kunywa kikombe cha chai bakuli zima likawa na sindano nyeupe, nyembamba, zilizolala kila upande. Nikandr aliweka chupa zake chini, moja baada ya nyingine, taratibu sana.

"Kumbe ndiyo hizo," alisema. "Miaka yote naosha chupa zake, sijawahi kuziona."

Vendt alipoitwa alishuka ngazi mbili mbili. Alizitazama kwa kioo cha kukuzia, akazipima joto la kuyeyuka, akapima tena, akaandika, akaketi. Kisha akamshika Yevlampia mikono yote miwili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya mazishi.

"Dakika kumi na tatu! Na ile ishirini na mbili ilitoka wapi?"

Yevlampia akamwambia. Vendt alisikiliza mpaka mwisho, na furaha ikamtoka usoni kidogo kidogo.

"Hili hatulisemi," alisema. "Tutasema ni kosa la chapa. Wapanga herufi ni walevi, kila mtu anajua. Fuwele zipo, Mjerumani ataridhika, Stogov atabaki Stogov. Ukisimama ukasema alikuwa anapima muda kwa kuimba, watacheka hadi kiangazi."

"Mpanga herufi alichapa nilichomwandikia."

"Hutapata nafasi hapa baada ya hapo. Hilo unalijua? Msaidizi aliyeharibu makala ya marehemu."

"Nalijua."

"Basi kwa nini?"

Yevlampia alifikiri. Hakuwa mtu wa hotuba. "Ukisema ni chapa," alisema, "siku moja mtu atafungua daftari lake, ataona 'mara mbili, bila haraka,' hataelewa, atasema kumbe kweli alikuwa anatunga. Mimi ndiye ninayeelewa. Nikinyamaza, hakuna."

Alhamisi chama kilikutana. Wanawake walikaa safu ya nyuma kama wageni, na Yevlampia ilibidi apite katikati ya viti vyote mpaka mbele. Kibakuli kilizungushwa mkono kwa mkono. Alisema alichofanya siku ya arobaini, na alichofanya ukumbini na chupa ya asidi, na alisema bila kupamba. Walicheka, kama Vendt alivyosema. Mzee mmoja mwenye nishani aliinuka.

"Kwa hiyo tumwandikie mwenzetu wa Ujerumani atembee na asidi huku anaimba?"

"Hapana, mheshimiwa. Mwandikieni dakika kumi na tatu. Kutembea nimeshatembea mimi."

Walicheka tena, lakini cheko hili lilikuwa la namna nyingine, na mzee alikaa chini akiwa bado anacheka. Katibu aliandika. Hakuna aliyesema tena neno kutunga.

Sahihisho lilitoka katika toleo la Aprili la jarida la chama, chini kabisa ya ukurasa wa mwisho, mistari minne yenye herufi ndogo: badala ya dakika ishirini na mbili, isomwe kumi na tatu, kipimo cha Profesa V. I. Stogov kilikuwa sahihi. Kosa ni la Y. Zyrina aliyeandaa makala. Ilikuwa mara ya kwanza Yevlampia Trofimovna Zyrina kuchapwa jina lake mahali popote. Vendt alimletea nakala mwenyewe, na kwa mara nyingine akavua miwani.

"Ningeweza kuwaomba waondoe jina," alisema.

"Liko vizuri."

"Kuhusu nafasi yako, sijapata jibu kutoka juu. Nitapigania, lakini sijui."

"Nitangoja huku nafanya kazi," Yevlampia alisema. "Fuwele zilizobaki zinatosha kipimo kimoja tu. Inabidi kuyaanza mafuta upya."

Barafu ya mto Neva ilikuwa imeanza kuondoka wiki ile, na kelele yake ilisikika mpaka chini. Yevlampia aliiweka nakala ndani ya daftari la Venedikt Ilyich, kwenye ukurasa wa hatua ile ya mwisho, na pembeni mwa maandishi yake akaongeza kwa wino, kwa herufi ndogo zinazosomeka: dakika sita na nusu kila mara. Halafu akavuta jiko, akalisogeza upande wa kulia wa meza ambako hewa ilipita vizuri zaidi, akasimama hapo, na kumwita Nikandr amletee chupa kubwa.